Malalamiko Dhidi ya Wanawake Waliookoa Watu Bila Akidi

Kijiji cha Gidamajet,
Kando ya Ziwa Basotu,
Wilaya ya Hanang, Mkoa wa Manyara.
Jumatano, 19 Aprili 2006

Kwa Mratibu wa Maafa,
Ofisini kwako.

Ndugu Mratibu,

YAH: OMBI LA KUWAONDOA WANAWAKE SITA KWENYE KAMATI YA MAAFA, PAMOJA NA SUALA LA NG'OMBE MMOJA

Pokea salamu zangu zenye matope. Kichwa cha barua kimejieleza, lakini mimi ni mtu wa kueleza mara mbili, kwa hiyo nitaeleza. Ila nakuomba jibu lifike kabla ya Jumamosi. Likifika Jumapili, ng'ombe wangu atakuwa ameshaliwa.

Mimi ni Bonaventura Gidamis, Mwenyekiti wa Kamati ya Maafa ya kijiji hiki tangu mwaka ule mkoa wetu wa Manyara ulipozaliwa. Kabla ya hapo nilikuwa mtunza stoo kwenye mashamba ya ngano kwa miaka kumi na tisa, mpaka ubinafsishaji uliponikuta nimeshika funguo ukaniambia nizirudishe. Nayataja haya ili ujue unaandikiwa na mtu wa utaratibu. Kwenye stoo yangu hakikutoka kitu bila saini tatu. Hata siku stoo yenyewe iliposhika moto, hakuna aliyechukua ndoo bila kusaini.

Huenda unanikumbuka. Ni mimi niliyekuja ofisini mwezi wa pili nikakuta binti amekalia kiti cha Mratibu, nikamtuma akaniitie bosi wake. Uliniamkia shikamoo, nikaitikia marahaba, ukanieleza kwa upole kwamba bosi ndiye wewe. Nilicheka sana. Wewe ulicheka kidogo. Hayo yalikwisha, na sina kinyongo.

Basi ni ofisi yako hiyo hiyo iliyotuletea Mwongozo wa Jinsia katika Maafa, wenye jalada la kijani, unaosema nusu ya wajumbe wa kamati wawe wanawake. Sisi ni raia watiifu. Tulikuwa wanaume sita, tukawaingiza wanawake sita, tukajua tumepata watu wa kutuchemshia chai. Jamani, mwenye macho haambiwi tazama, ila sisi tulipaswa kuambiwa! Sasa naomba uwatoe wote, kwa sababu zifuatazo:

1. Wanahudhuria. Kamati yetu ya zamani ilikuwa na amani. Kikao kikiitwa saa nne, tulianza saa saba, tuko watatu, na wale wengine walisaini wakikutana na katibu wetu Patriki njiani. Ajenda ya Mengineyo peke yake ilitufikisha mpaka ng'ombe wanarudi. Hawa wanawake wanafika saa nne ile iliyoandikwa. Wanakuja na watoto mgongoni na madaftari mkononi, na jambo likijadiliwa linaisha. Mimi leo ni mwenyekiti wa kikao kinachoisha. Nafika nyumbani mchana kweupe, mke wangu Natalia ananiuliza nimefukuzwa au vipi.

2. Wanauliza. Kiongozi wao ni Evaline, mke wa Margwe yule wa mashine ya kusaga. Ni mwanamke mfupi, hana sauti kubwa, na ndiyo maana anachosema kinasikika. Kwenye kikao chake cha kwanza kabisa aliuliza kamba ya kamati iko wapi. Nikamweleza kwamba ipo, imo kwenye taarifa. Akasema anaiona kwenye taarifa, anaomba kuiona kwa macho. Ndugu Mratibu, tangu lini kifaa cha serikali kikaonekana kwa macho? Nililazimika kusema mbele ya watu kwamba kamba iko kwangu, kwa usalama, na kwamba nimeifunga kwa ndama ili isiibwe. Wanaume wenzangu waliona hilo ni jambo la busara. Wanawake wote sita waliandika kitu kwenye madaftari yao, na mpaka leo sijui waliandika nini. Kesho yake walikuja kuichukua.

3. Wameharibu takwimu. Ninalo daftari la kaya, nimelitengeneza mwenyewe kwa rula. Kila kaya ni mstari mmoja, na kila mstari una jina la mkuu wa kaya na idadi ya mifugo yake. Ni daftari safi, hata mgeni wa wizara angelipenda. Evaline na wenzake wakapita nyumba kwa nyumba na kuandika lao. Eti nani hawezi kutembea. Eti nani ana mimba ya miezi mingapi. Eti yule mzee asiyeona analala nyumba ipi, na akiitwa anasikia kwa sikio gani. Niliwaambia kwamba sikio la mtu si takwimu.

Kuna mfugaji mmoja, simtaji, ana wake watatu na nyumba tatu, na korongo limepita katikati yao. Kwenye daftari langu huyo ni mstari mmoja. Maji yalipokuja, kwa mujibu wa daftari langu, kaya ile ilikuwa salama salimini, maana mkuu wake alikuwa mnadani Basotu anakula nyama choma. Wanawake hao waliipata kaya hiyo hiyo mahali patatu, mmoja juu ya paa na watoto wanne. Hapo utaona jinsi takwimu zinavyoweza kugongana.

4. Wameokoa watu bila akidi. Hili ndilo lililonivunja. Jumanne ya wiki iliyopita, saa nane mchana, korongo lilijaa likavunja kingo. Mimi sikulala usingizi kazini. Papo hapo niliitisha kikao cha dharura, maana mwongozo wa kamati unasema uamuzi wa dharura unahitaji wajumbe saba. Tukafika watano, wote wanaume, tumesimama chini ya bati la ofisi ya kijiji. Nikamtuma Patriki akatafute wawili. Patriki akarudi na mmoja, na huyo mmoja alikuwa amelewa. Tukajadili kama mlevi anahesabika. Mjadala ulikuwa mzuri, wa pande zote mbili.

Huku nyuma Evaline na wale watano hawakuja kikaoni, na hawakutuma udhuru. Walikuwa wamefunga kamba kwenye mti wa mgunga upande huu, mmoja wao akavuka nayo maji yakiwa kifuani, wakaanza kupitisha watu. Wazee, watoto, yule asiyeona, wajawazito. Watu kumi na wanne! Hakuna muhtasari, hakuna aliyependekeza wala aliyeunga mkono. Tulipokubaliana mlevi ahesabiwe mara mbili akidi ikatimia, nikafungua kikao na kuuliza ajenda, Patriki akanionyesha kwa kidole watu wamekaa upande wetu wanakamua nguo. Nikafunga kikao. Niambie, taarifa ya kikao hicho niiandikeje?

5. Wamegawa kambi bila kushauriana na wenye kambi. Waathirika tuliwaweka shule ya msingi. Mimi nilikuwa na mpango wa kuwapanga kwa vitongoji, na viongozi wa vitongoji wakae darasa lenye madirisha. Evaline alikuwa ameshagawa. Wanawake na watoto huku, wanaume kule, vyoo vya wanawake upande wenye njia fupi, na akamtaka fundi aweke komeo la ndani. Nikauliza komeo la ndani ni la nini, kwani kijijini kwetu kuna wezi wa vyoo? Binti mmoja mdogo aliangalia chini. Sikuuliza tena, na sijui kwa nini lile la yule binti limenikaa mpaka leo.

Mahindi ya msaada nayo, badala ya kupewa mkuu wa kaya, yaligawiwa kwa kila jiko, kwa yule anayepika. Sisi wakuu tukapanga mstari nyuma ya wake zetu kama watoto wa chekechea. Nina miaka hamsini na nane. Baba yangu alimwua simba kwa mkuki, na watu walikuja kutoka mbali kumwimbia. Siku ile mimi niliitwa kwa sauti mbele ya kijiji kizima: mume wa Natalia, njoo ubebe.

Nikabeba.

6. Sasa nakuja kwenye ng'ombe. Alhamisi tulipata habari kwamba wageni kutoka juu wanakuja kutupa pole. Mgeni akija lazima asaini kitabu cha wageni, na kitabu cha wageni hakiwekwi juu ya magoti, kinahitaji meza. Maji yaliacha meza moja tu nzima, na ilikuwa darasa la tatu. Mimi nikaenda kuichukua.

Nakiri kwamba mlangoni palikuwa na khanga imetundikwa. Nakiri pia kwamba mwanamke mmoja mzee alikuwa amekaa pale akanyoosha fimbo. Nilidhani ananisalimia. Ndani nikaiona meza. Naapa, niliona meza tu. Kumbe Angela, mke wa mvuvi mmoja aliyebomokewa nyumba, alikuwa amejifungua humo alfajiri ile, na kichanga kiko kifuani, na yeye hana hata shuka la kujisitiri vizuri. Alipiga kelele. Mimi nikatoka, na meza nikatoka nayo, kwa kuwa nilikuwa nimeshaishika.

Wewe si mtu wa huku, kwa hiyo nikufafanulie. Kwetu Wabarabaig nyumba ya mwanamke aliyejifungua mwanaume haingii. Awe mume, awe mzee, awe nani. Akiingia, kesi yake haiendi kwa wazee wala mahakama ya mwanzo. Inakwenda girgwageda gademga, yaani baraza la wanawake, ambalo lilikuwepo kabla ya Mjerumani na halijawahi kuomba usajili. Jumatatu walikaa uwanja wa shule, na fimbo zao, wakubwa wamevaa sketi zile za ngozi ambazo hata sisi wanaume tunaziogopa. Niliitwa. Nilijitetea vizuri. Nikasema lile ni darasa, ukutani kuna jedwali la kuzidisha. Wakasema mahali alipojifungulia mwanamke ni nyumba ya mzazi, hata kama ina ubao na chaki. Nikasema nilikuwa kazini kwa niaba ya serikali. Wakauliza kama serikali ndiyo iliyonizaa. Hukumu: ng'ombe dume mweusi mmoja, nimpeleke mwenyewe kwa miguu yangu, mbele ya watu, kabla jua la Jumamosi halijazama.

Dume mweusi ninaye mmoja. Ndiye baba wa nusu ya zizi langu. Huwa naamka asubuhi namtazama yeye kwanza ndipo nanawa uso.

Na kama sitampeleka? Hawanipigi, hawanifungi. Wanajitoa tu. Hakuna mwanamke wa kijiji hiki atakayekanyaga boma langu. Hakuna wa kutoa moto, wala wa kuitikia salamu, wala wa kuja kwenye msiba au uzazi. Hapo ndipo roho yangu ilipo, Ndugu Mratibu. Mkwe wangu Letisia, mke wa mwanangu pekee, ana mimba na siku zake zimekaribia. Mwanangu yuko Babati kwa kazi. Barabara ya kwenda hospitali Haydom imekatika kwenye kivuko, basi halipiti. Kilichobaki ni wale wanawake. Natalia hajaniongelesha tangu Jumatatu. Anaweka chakula, anaondoka. Letisia ananiamkia shikamoo kama kawaida, ameshika kiuno, na mimi nashindwa kumtazama. Naogopa. Nimeliandika neno hilo kwa wino na silifuti.

Unaweza kuuliza, kama naogopa hivyo, kwa nini nisimpeleke huyo ng'ombe yakaisha? Ni kwa sababu ya haki. Haki ni jambo kubwa kuliko ng'ombe, nalo linanipeleka kwenye namba ya mwisho.

7. Usawa wa kijinsia uko wapi? Najua utasema kwenye semina nilisimama mimi mwenyewe nikapinga Mwongozo wako. Ni kweli. Nilisema mila ni mila, jalada la kijani haliwezi kuja kutufundisha, na mwanamke hasimami mbele ya wanaume na kuamua. Nilipigiwa makofi. Naomba maneno yale yasitumike dhidi yangu, kwani wakati ule nilikuwa sijausoma Mwongozo. Sasa nimeusoma. Jumatatu jioni niliutoa ulipokuwa, chini ya mguu wa kitanda ulio mfupi, nikausoma wote mara mbili, na nimegundua kwamba ni kitabu kizuri mno.

Ukurasa wa kumi na moja unasema hakuna chombo chochote cha maamuzi wakati wa maafa kitakachokuwa cha jinsia moja. Hewala! Hili baraza la wanawake lina wanaume wangapi? Sifuri. Lilikaa wakati wa maafa? Ndiyo. Lilifanya maamuzi? Muulize ng'ombe wangu. Kwa hiyo hukumu ile ni batili kwa mujibu wa jinsia. Naomba uagize, kwa barua yenye mhuri, kwamba nusu ya baraza lile wawe wanaume, nikianza mimi na Patriki, na kesi irudiwe.

Ukurasa wa kumi na nne unasema mzigo wa maafa ugawanywe sawa kati ya wanawake na wanaume. Basi na faini igawanywe. Mimi nitoe nusu ya mbele ya ng'ombe, na Angela nusu ya nyuma, maana nisingeingia kwenye nyumba ya mzazi kama hapangekuwa na mzazi. Na ukurasa wa ishirini unazungumzia kuwahusisha wanaume katika masuala ya uzazi. Mimi nilijihusisha. Niliingia hadi ndani. Kwa mwongozo huo nastahili cheti.

Kwa kumalizia nashauri kwamba kuanzia sasa maafa yenyewe yafuate ngazi. Mafuriko yakitaka kuingia kwenye nyumba yapitie kwa mkuu wa kaya, na kama hayupo yamsubiri arudi mnadani. Mwanamke asijifungue kambini mpaka samani zote zitolewe na kuorodheshwa. Na mvua kubwa isinyeshe kijijini kwetu kabla akidi haijatimia. Nadhani hayo ni mambo madogo ambayo serikali makini inaweza kuyasimamia.

Nisalimie wafanyakazi wenzako wote, yule mlinzi wa getini aliyenipa kiti, dereva wenu, na mama yako mzazi ambaye simfahamu lakini alikulea vizuri, maana shikamoo yako ilikuwa ya heshima. Huku kwetu watu wote hawajambo, isipokuwa wale niliowataja.

Ni mimi, katika utaratibu na unyonge,

Bonaventura Gidamis
Mwenyekiti, Kamati ya Maafa

Tanbihi. Jumamosi asubuhi. Barua hii ilichelewa kwa kukosa mtu wa kuipeleka. Nakuomba, binti yangu Mratibu, usome hapa kwanza na pale juu usipasome.

Letisia alishikwa na uchungu juzi, Alhamisi mchana. Natalia alimwangalia, akatoka nje uso umebadilika, akaniambia neno la kwanza tangu Jumatatu, kwamba mtoto ametanguliza miguu. Kisha akasimama nje ya boma akaita. Mimi nilijua hakuna atakayekuja. Dume alikuwa bado zizini, kila mtu anaweza kumwona kutoka barabarani.

Walikuja. Nilihesabu kumi na moja, Evaline mbele, sketi imelowa mpaka kiunoni, nyuma yake wale wale waliokaa kunihukumu, na fimbo zao. Walipita karibu yangu bila kunitazama. Walimtoa Letisia amelala juu ya kitanda, wakambeba mabegani mpaka kwenye kivuko, wakavuka naye, maji yanawafika hapa kifuani, hakuna aliyemkaripia mwenzake. Ng'ambo kulikuwa na trekta lenye tela linawasubiri. Evaline alikuwa amepanga na dereva tangu wiki ile ya mafuriko, alipanda juu ya kichuguu penye mtandao akampigia. Mimi nilitaka kuvuka nao. Natalia aliniambia nibaki, nitawaongezea mzigo. Nikabaki upande huu nimesimama kwenye matope, nimevua kofia, nalia kama mtoto, na wala sioni aibu kukuandikia.

Jana jioni habari imefika kutoka Haydom. Letisia yuko hai. Mtoto yuko hai. Ni wa kike.

Leo jua halijachomoza vizuri nimemtoa dume nikamkokota mwenyewe, nimepita katikati ya kijiji, watu wote wakitazama. Wanawake wakampokea. Hawakunishukuru wala hawakunicheka. Nikamwuliza yule mwanamke mzee aliyeninyooshea fimbo mlangoni kwa nini walikuja Alhamisi na ng'ombe alikuwa bado zizini. Akasema mwenye kosa ni mimi, Letisia wamkomoe kwa kosa gani?

Basi futa namba zote saba. Barua hii anakuletea Evaline, ndiye pekee anayejua pa kupita. Ninajua ataisoma njiani, na aisome. Uenyekiti naachia leo, mpe yeye. Mimi nimeomba wanipe kazi yoyote kwenye kamati, hata ya kubeba. Wamesema nisubiri, watakaa wanijadili.